Neno Lililokaribia Kufunga Ghala Letu

Makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni kwa miezi yana harufu isiyomtoka mtu puani: chumvi, tope, na kitu kilichoozeshwa kwa makusudi. Wanawake wa Jambiani huyafukua, wakayaponda kwa magongo mpaka wakapata usumba wa kusokotea kamba, na usumba huo, hata uanikwe vipi, ukishika unyevu tu hunuka upya kama ulivyotoka shimoni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoanza kuangukia juu ya harufu hiyo kila alasiri, katika ghala la zamani la karafuu nyuma ya nyumba yetu, Malindi ya mjini Unguja. Kuta bado zilinuka karafuu. Sakafuni palitandikwa magunia yaliyojazwa usumba, na sisi wanafunzi, wasichana kwa wavulana, ndio tuliokuwa tukiyashona kila yalipopasuka, kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, tumekaa duara huku tukitaniana na kudungwa vidole. Humo, katika miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, tulisomeshwa aikido, mchezo wa Kijapani wa kujihami.

Mwalimu wetu alikuwa Maalim Makame, Mtumbatu mfupi mwenye vidole vyeusi kwa masizi, kwa sababu asubuhi alikuwa fundi wa stovu. Kabla ya hapo alikuwa baharia. Meli yake ilipata kuharibika Japani ikakaa bandarini muda mrefu, na yeye, kwa kukosa la kufanya, akawa anakwenda kufagia ukumbi mmoja wa mazoezi, mpaka mzee mwenye ukumbi akamwambia aache fagio avue viatu. Alirudi Unguja na sanduku moja, na ilimu ambayo hakuna aliyeiomba: namna ya kumwangusha anayekujia kwa nguvu bila ya kushindana na nguvu zake. Hakutoza kitu. Alikuwa na sharti moja tu, kwamba mtu akiingia atoe salamu na avue viatu, akiwa mtoto wa mkubwa au hamali. Na hamali tulikuwa naye kweli: Sudi wa bandarini, mtu mzima, mwenye shingo kama gogo, aliyekuwa akija moja kwa moja kutoka kazini na kufundishwa kuanguka pamoja na watoto, bila ya kuona haya.

Mimi nilikuwa msumbufu. Nilitaka kujua kila kitu kwa nini. Nilipomwona Maalim anamgusa Sudi mkono na Sudi anaruka na kutua chini kama gunia la mbata, niliona ni mchezo wa kupangwa. "Maalim," niliuliza mbele ya watu, "na asipotaka kuanguka?" Wenzangu walicheka. Yeye hakukasirika. "Swali zuri," alisema. "Liweke. Wewe mwenyewe unakakamaa kama mlango wa Kihindi, basi jibu utalipata ukilegea." Nilimpenda kwa hilo. Skuli, swali kama lile lilikuwa likinipatia kofi. Lakini sikulegea, na jibu sikulipata, na kila niliposhikwa mkono nilivuta, na kila nilipovuta nilianguka vibaya.

Maalim alikuwa na ukaidi wake pia. Maneno yote ya mazoezi alituachia kama alivyoyakuta Japani, na mojawapo ni jina la yule anayeshambulia halafu akaangushwa, yaani anayeupokea mchezo mwilini mwake. Kwa Kijapani anaitwa *uke*. Msomaji Mswahili hahitaji kuelezwa kwa nini tulikuwa tukiziba midomo. Wakubwa wa darasa walimsihi abadilishe. Alikataa. Alisema mzee wa ule ukumbi alimpa neno hilo kama amana, na amana haichongwi upya njiani. Kwa hiyo kila alasiri sauti yake, iliyozoea kushindana na mitambo ya meli, ilitoka madirishani: "Uke, ingia! Uke, usiogope! Uke, haraka!"

Dirisha la bibi yangu, Bi Mize, lilitazamana na ghala. Ndiye aliyenilea, na alikuwa ameniruhusu kwenda kwa kudhani tunafunzwa mazoezi ya viungo. Siku moja masika yalikuwa yamenyamaza kidogo, na uchochoro ulikuwa kimya, kila neno la Maalim likavuka mpaka dirishani kwake. Tulisikia viatu vya mti vinashuka ngazi. Alipotokea mlangoni alikuwa amejifunga buibui mpaka kidevuni, na nyuma yake alikuwepo Mzee Khatibu, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyeonekana kwamba angependa kuwa mahali pengine popote.

"Shikamoo, Bi Mize," alisema Maalim.

"Marahaba. Nimekuja kuuliza, Maalim. Watoto wa watu mnawasomesha nini humu?"

Maalim alieleza. Ni Kijapani, maana yake ni mwenye kupokea.

"Kijapani kibaki huko huko Japani," alisema bibi. "Hapa tunaujua uke mmoja tu, na hausomeshwi ghalani!"

Ghala zima lililipuka kwa kicheko. Sudi alijifunika uso kwa gunia. Lakini Mzee Khatibu hakucheka. Alisema kwa upole kwamba kwa wakati ule watu kukusanyika tu kulihitaji maelezo; yeye amekuwa akitujibia kimya kimya, ila likifika juu kwamba wasichana na wanaume wamo ndani wanapigiwa kelele za namna ile, basi kufuli litatiwa na hatakuwa na la kusema. "Bora nilitie mimi leo," alisema. "Kwa heshima."

Nilimtazama Maalim. Nilitambua ghafla kwamba sikutaka kufuli litiwe, mimi niliyekuwa nikidai kila siku kwamba mchezo wenyewe ni wa uongo. Yeye alisimama, anasugua masizi ya vidole. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo kabisa: "Bi Mize, mtu akija kwako na kikapu kizito kutoka sokoni, unamwambiaje?"

"Nnamwambia, lete nkupokee. Kwani wewe hukulelewa?"

"Nimelelewa. Ila nilisahau." Akatugeukia. "Kuanzia leo neno lile limekwisha. Anayekujia amebeba nguvu zake. Mpokee. Na yule anayeanguka, naye anampokea mwenzake. Sote ni wapokeaji." Amana yake aliiachilia pale pale, mbele ya kikongwe mwenye viatu vya mti.

"Maneno matupu," alisema bibi. "Nionyesheni. Kwa huyu wangu."

Sudi akanijia. Alinishika mkono kwa kiganja kipana kama sahani. Nilitaka kuvuta, kama kawaida yangu. Lakini neno lilikuwa bado masikioni, na mwili wangu ulilijua kabla yangu: mara ngapi nimempokea bibi kikapu pale ngazini? Huvuti kikapu. Unasogea ubavuni kwake, unaufuata mkono wake unakoelekea, mzigo unakuwa wako. Nikafanya hivyo. Sudi akapita mbele yangu, akazunguka, akaanguka kwa kishindo, na vumbi la usumba likaruka mpaka kwenye buibui la bibi.

Bi Mize alipiga chafya. Halafu akasema, "Ah! Basi kama ni kupokeana, mnapokeana kwa fujo," akageuka na kumwambia Mzee Khatibu aende zake na kufuli lake. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulituita Skuli ya Kupokea. Vibibi walikuwa wakitungoja mferejini na ndoo zao za maji, wakituita, "Njooni mfanye mazoezi!" Tukaenda.

Nimesoma chuo kikuu, na nimejifunza kuyashuku masimulizi ya watu kuhusu utoto wao. Sisemi kwamba zama zile watu walikuwa wema zaidi. Palikuwa na foleni za mchele na minong'ono, na watu walipimana kabla ya kusalimiana. Leo ghala linauza magodoro ya sponji, hayanuki chochote, na Maalim amelala Tumbatu. Jambo moja tu halikunipa raha miaka yote hiyo, nalo ni lile swali langu la kwanza: na asipotaka kuanguka? Kwa hiyo mwaka huu, niliporudi likizo, nilimtafuta Sudi. Mgongo wake umepinda kwa magunia ya bandarini na anatembelea bakora. Nilimwuliza bila ya kuzunguka: siku ile, niliweza au alijiangusha?

"Nilijiangusha," alisema papo hapo. "Mkono wako ulikuwa kama wa kuku. Ungenisukuma vipi? Lakini kufuli lilikuwa limeshatoka mfukoni, mwanangu."

Tulicheka mpaka akakohoa. Nikaaga, nikachukua mkoba wangu wa vitabu, ambao ulikuwa mzito kuliko nilivyotaka kuonyesha. Sudi aliegemeza bakora ukutani, akanyoosha kile kiganja. "Lete nkupokee," alisema, "mpaka njia kuu." Niliutazama mgongo wake. Maswali yalinijaa mdomoni. Nikampa mkoba.