Nahodha Aliyewekwa Ukingoni

Mzee niliyekuwa namtunza katika mji wa Alexandria, Marekani, aliwahi kuwa nahodha wa timu ya kriketi ya kaunti moja ya Uingereza. Alihamia huko kumfuata binti yake wa pekee, kisha binti akapata kazi California, mzee akabaki kwenye apartimenti pamoja na mimi. Majirani walikuwa wema, ila akiwaeleza kazi aliyoifanya ujanani, walitabasamu na kugeuzia maongezi kwenye hali ya hewa.

Aliniita Sista, kama wauguzi wanavyoitwa kwao. Hakujua kwamba Nakuru nilikuwa sista kweli, msimamizi wa wodi, na kwamba huku naosha watu na kuwapikia uji kwa sababu vyeti vyangu havikutambuliwa.

Jumamosi moja ya kiangazi nilimpeleka upande wa Sterling, kwenye uwanja ambao Wahindi na Wapakistani wa kazi za kompyuta huchezea kriketi. Nilikiegesha kiti chake cha magurudumu kivulini. Alitazama mchezo. Halafu nikaona mkono wake ukitoka chini ya blanketi, ukimwashiria mchezaji mmoja arudi nyuma kidogo. Mchezaji hakumwona. Mzee akauweka tena mkono mapajani, akautazama.

Tukirudi, tukiwa kwenye foleni ya magari katika barabara kuu ya Beltway, nilimuuliza aliachaje kucheza. Akasema hakuacha, alivuliwa unahodha. Timu ilikuwa inapoteza mechi. Asubuhi moja wakubwa wa klabu walimwita, wakamshukuru, wakampa timu kijana ambaye mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Mkataba wake ulikuwa bado haujaisha, kwa hiyo akaingia uwanjani na wenzake kama kawaida. Nahodha mpya akamweka mbali, ukingoni kabisa.

"Zamani mpira haukurushwa kabla wenzangu hawajanitazama niwapange," alisema. "Siku ile nilisimama mpaka jioni, na hakuna aliyegeuka. Nikamaliza msimu hivyo."

Nilimuuliza kwa nini hakuondoka.

"Ningeenda wapi? Maisha yangu yote yalikuwa pale."

Magari hayakusogea. Nikajikuta namwambia kwamba na mimi nilikuwa na wodi yangu, ya watoto. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote huku, hata kanisani. Hakunipa pole. Aliuliza tu nani anaiongoza sasa.

"Sijui," nikasema. "Mwanzoni wauguzi wa kule walikuwa wakinipigia simu kuniuliza vitu. Siku hizi hawapigi."

Aliitikia kwa kichwa.

Majani yalipoanza kupukutika, binti alikuja kumchukua. Mimi nilipelekwa na wakala wangu wa kazi kwenye mji wa Falls Church, kwa mama mmoja anayelala karibu kutwa nzima. Karibu na Krismasi binti aliniandikia kwamba baba yake amefariki na wameshamzika. Niliusoma ujumbe nje ya kanisa, ibada ikiwa imeisha. Mwenzangu mmoja aliona uso wangu, akaniuliza kama nimefiwa na ndugu. Nikamwambia hapana, ni mzee niliyekuwa namfanyia kazi. Akanishika bega, akaenda kuwasha gari lake.