Baba Hutoka Msikitini Dua Inapoanza, na Mimi Peke Yangu Najua Sababu

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza skuli mwaka huu na niko nyumbani Mutsamudu. Naomba mfiche jina langu na mtaa wetu. Mama ni wa hapahapa ila alikulia Unguja, ndiye aliyenifundisha Kiswahili. Baba ni mtu wa Moroni, mzaliwa wa mtaa wa Badjanani. Kwetu mume ndiye anayehamia nyumba ya mke, kwa hiyo Baba ameishi hapa tangu kabla sijazaliwa, na watu walishasahau kwamba ni Mngazidja, mtu wa kisiwa kile kingine. Walikumbuka kisiwa chetu kilipotangaza kujitenga na Moroni.

Siku hizi kila Ijumaa khatibu huombea kisiwa kijitenge kwa salama. Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyetuletea habari kwamba dua ikianza tu, Baba huinuka akatoka. Kijana mmoja wa bandarini alimwuliza mbele ya watu, "Mngazidja, dua yetu ina miiba?" Baba alicheka kidogo, akashika njia. Kisha akaacha kusalisha Alfajiri katika msikiti wetu mdogo. Wakasema hataki kuwa imamu wa waasi.

Sababu naijua mimi. Baba alikuwa akilalamika mgongo, akaniomba nimsindikize hospitali kwa sababu daktari ni mgeni, anasema Kifaransa tu, na Baba alisoma chuo cha Qur'ani tu, Kifaransa hakijui. Mimi nikawa mkalimani. Daktari hakuuliza sana juu ya mgongo. Aliuliza kama mkojo unamjia ghafla, kama unakatikakatika, kama umewahi kuwa na damu. Nilikuwa nauliza nikitazama sakafu, Baba anajibu akitazama dirisha. Akasema mkojo hauna subira tena, hotuba ya Ijumaa ikifika kwenye dua huwa hawezi kuuzuia, na hata akishatawadha matone humtoka. "Nitawasalisha vipi watu na udhu hausimami?" Hilo sikulitafsiri. Sikujua daktari angelifanyia nini.

Daktari akauliza kama yupo mtu wa ukoo aliyeumwa hivyo. Baba akamtaja kaka yake wa Moroni, aliyekufa akiwa hawezi kusimama kwa maumivu ya kiuno. Sisi siku zote tulisema ni magunia aliyobeba bandarini. Daktari akaeleza kwamba chini ya kibofu cha mwanamume kuna tezi. Huenda imevimba kwa umri tu, huenda ni saratani. Dalili zinafanana, na wengine wana saratani bila dalili yoyote, kwa hiyo hakuna anayejua mpaka apimwe. Kipimo cha damu hapa hakipo tangu tulipojitenga na meli zikasimama, aende Moroni. Lakini yeye angeweza kumpima palepale kwa kidole, kwa njia ya nyuma.

Nilitafuta neno la kumwambia baba yangu. Nilipolisema, Baba alivaa kofia yake akasema, "Mwambie ahsante."

Njiani alisimama. "Mwanangu, haya hayaingii nyumbani. Niapie." Nikaapa.

Sasa shangazi ametuma habari kutoka Moroni kwamba chumba kipo, na wiki ijayo kuna chombo cha kuwarudisha Wangazidja kwao. Baba hataki kupanda. "Nikipanda kile," aliniambia, "watasema walikuwa na haki, na mlango huu hautanifungukia tena." Mjomba naye kila akija humwambia Mama, "Dada, nyumba ni yako. Mtolee viatu vyake nje."

Juzi tukiwa tunakula, Mama akasema, "Kama moyo wako uko Moroni, ufuate." Hajawahi kumsemesha hivyo. Baba akamaliza tonge lake. "Wali umeiva vizuri leo," akasema.

Namjua Mama. Angeijua kweli, angemfungia nguo mwenyewe, angemsindikiza mpaka bandarini mbele ya wote, na angemngoja. Lakini Baba ameona ni afadhali mkewe amdhanie msaliti kuliko mkojo wake utajwe ndani ya nyumba hii. Jana nilimkuta uani ameegemea ukuta, anangoja mkojo utoke, uso umemkunjamana. Aliponiona akaanza kukwangua chokaa kwa kucha, kana kwamba ndicho kilichompeleka pale.

Ninyi mnaosoma hapa, wenye baba na walio baba, nielekezeni kabla chombo hakijaondoka. Nivunje kiapo na Baba asinitazame tena usoni, au nikitunze, nije kukikumbuka siku ya kumzika?