Alhamisi Mji Ulipojifunga

Spéciose alikuwa na miaka arobaini na minne, na karibu nusu ya umri huo alikuwa ameimalizia kwenye cherehani. Chumba chake cha La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, kilikuwa nyumba na karakana kwa pamoja: pazia katikati, huku kitanda, kule cherehani mbili na magauni ya kwaya yaliyoning'inia hadi dirishani. Alikuwa Mrundi wa Buyenzi, na ndege alikuwa hajawahi kuipanda. Johannesburg aliifikia kwa mabasi, na mahali pengine kwa miguu. Kwa hiyo jirani yake Marcellin, Mkongomani wa Uvira aliyeuza viatu, alipomwambia kwamba mwezi wa nane anakwenda China na kwamba wanaweza kufuatana, akajichagulie vitambaa kiwandani, alisitasita wiki nzima.

Aliyemsukuma ni Murielle, mke wa Marcellin na mama wa Joël, waliyepanga naye nyumba moja. "Mama Kelly, nenda. Huyu bwana wangu China anaijua kuliko Soweto."

Kweli, Marcellin alikuwa amekwenda mara nne. Tangu waliposhuka Guangzhou, wakivua makoti ya baridi ya Johannesburg kwenye joto la kuchemsha, alimweleza kila kitu kabla hajauliza. Mama muuza mchicha alipotoa kikaratasi chenye alama ili mteja akipige picha kwa simu na kulipa, Marcellin alicheka. "Usishangae, dada. Hapa kila kitu iko kwa simu." Kwa nini watu wanakunywa maji ya moto kwenye jua kama hili? Ndivyo walivyo. Kwa nini yule bibi amemshika nywele bila kumwomba? Anapenda, mwache. Kwenye treni ya pwani Spéciose aliweka kikombe cha chai mezani akitegemea kimwagike, lakini kilitulia kama kipo kabatini, huku mashamba na maghorofa yakipita dirishani kwa kasi ya kutia kizunguzungu. Alitamani Kelly, binti yake, aone.

Walishukia mji mdogo wa mkoa wa Fujian, penye viwanda vya viatu na vya vitambaa, na bandari. Siku mbili za mwanzo Spéciose alitembea mdomo wazi. Mbele ya kila mkahawa samaki waliogelea kwenye matangi ya kioo, mteja anaonyesha kwa kidole. Wanawake wazee waliochomeka maua vichwani walikaa vibarazani wakipasua chaza. Jioni, bibi wengine walijipanga uwanjani chini ya nyumba ya wageni, wakafungulia muziki, wakacheza kwa mistari, na mmoja akamvuta mkono hata naye akacheza.

Jumatano jioni uwanja ulikuwa mtupu.

"Wamechoka," alisema Marcellin.

Alhamisi asubuhi Spéciose alichungulia dirishani, ghorofa ya tatu. Mashua zote zilikuwa zimerudi bandarini, zimefungwa ubavu kwa ubavu, mtu angeweza kuvuka maji kwa kuzikanyaga. Alishuka kununua mkate, akakuta rafu za duka hazina kitu. Matangi ya samaki yalikuwa makavu. Wenye maduka walikuwa wakibandika karatasi za gundi kwenye vioo, msalaba mkubwa kila kioo. Hakuna upepo. Mbingu ilikuwa ya manjano, rangi asiyowahi kuiona mbinguni. Halafu simu za watu wote barabarani zikalia kwa pamoja, mlio mmoja mkali, na wote wakainamia simu zao, kisha wakaanza kutembea haraka.

Alirudi mbio. Marcellin alikuwa mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyekuwa akiwapikia uji, alimsimamia mbele, akitikisa kichwa, akionyesha juu, ghorofani.

"Baba Joël, kuna jambo," alisema Spéciose. "Twende kesho."

"Wachina wanaogopa mvua. Mimi nilikuwa hapa mwezi wa tatu, ilinyesha wiki nzima, hakuna kitu. Niangalie tu ghala kule bandarini, viatu vyangu viko chini sakafuni. Saa moja nimerudi."

Spéciose alifungua mdomo aseme tena, akaufunga. Yeye ni mgeni, mwenzake ndiye mjuzi. Atamwambia nini?

Alimtazama kutoka dirishani akiondoka kwa pikipiki ya umeme. Kwenye makutano robot, taa ya kuongoza magari, ilikuwa nyekundu. Hapakuwa na gari hata moja, lakini Marcellin alisimama, akangoja kijani, ndipo akateremka kwenye njia ipitayo chini ya reli, kuelekea baharini.

Kimbunga kilifika kabla ya saa sita mchana. Mvua haikuanguka, ilipita ubavuni kama inarushwa. Spéciose alipompigia, simu ya Marcellin iliita mara moja, akapokea, sauti yake ikikatika: "Eish, ghala limefungwa. Narudi." Baada ya hapo haikupokelewa. Barabarani maji yalikuwa yakipanda, ya kahawia, yamebeba majokofu, viti na bango zima la duka. Mwenye nyumba alikaa kitandani kando ya Spéciose, akamshika mkono, na hakuuachia hadi umeme ulipokatika.

Jumamosi polisi kijana alikuja. Alizungumza na simu yake, nayo ikatafsiri kwa Kifaransa: mwenzako amesimama.

"Asante Mungu!" Spéciose aliruka. "Amesimama wapi?"

Polisi alitazama chini, akavua kofia, na hapo Spéciose akaelewa kwamba mashine ilikuwa imekosea neno. Walikuwa wamemaliza kuvuta maji kwenye ile njia ya chini ya reli, na humo ndimo walimomkuta.

Ni yeye aliyempigia Murielle. Ni yeye aliyezunguka siku kumi na karatasi asizoweza kuzisoma, akarudi na jeneza katika ndege moja.

Wiki moja baada ya mazishi, Murielle alikuja chumbani, akasimama kando ya pazia.

"Ulimwambia asiende?"

"Nilimwambia."

"Mara ngapi?"

Spéciose angeweza kusema uongo. "Mara moja."

Murielle aliitikia kwa kichwa, polepole, akatoka.

Vitambaa alivyokuwa ameviagiza kiwandani kabla ya kimbunga vilifika mwezi wa kumi, na Spéciose akavishona, maana kwaya ilikuwa ikingoja. Wanawake hao wawili bado wanaishi nyumba moja, wanachota maji bomba moja. Murielle humsalimu kila asubuhi, kwa heshima zote, kama mtu anavyomsalimia asiyemfahamu. Kisha hupita.