Jiwe la Bahari Katika Mafiga ya Mama Neema

Ninakiri haya kwa uchungu. Mhadhiri wangu aliniazima kipande chake cheusi, cha pekee, cha mwamba wa sakafu ya bahari, niwaonyeshe watu wa Lituhi kabla hakijarudi maabara kupimwa isotopu za gesi za heliamu na neoni zilizomo.

Asubuhi ya Jumapili, sufuria ya maharage ya mwenyeji wangu, Mama Neema, ilikuwa ikiyumba motoni. Kwa kuwa naamini msomi hapaswi kukaa akihudumiwa tu, nilichomoa begini jiwe jeusi nililookota ufukweni mwa ziwa, nikaliweka juu ya figa fupi.

Baada ya ibada niliinua jiwe la bahari mbele ya waumini uani mwa kanisa.

"Ndugu zangu, gesi hizi zimefungwa humu tangu mwamba ulipoganda. Ukiuchoma, zinatoroka, wala hazirudi!"

Mama Neema alisogea, akaligeuza jiwe mkononi mwangu.

"Mwanangu, hili lenye mstari mweupe ni la pale tunapofulia. Unatudanganya kanisani?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Basi lile uliloniwekea jikoni," akauliza taratibu, "ni la wapi?"