Mama Tope: Analea matope ya baharini, anaogopa kumbeba mjukuu wake

Saa mbili asubuhi Mama Tope anafungua mlango wa chuma wa chumba cha chini, anawasha taa na kutoa salamu. Hakuna mtu ndani. Anaowasalimia ni chupa, zimejaa rafu hadi rafu, kila moja imezibwa kwa mpira mzito na kuviringishiwa karatasi ya alumini ili mwanga usipenye.

“Hamjambo wanangu,” anasema, kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya na kucheka. “Usiniogope. Mtu akikaa humu miaka tisa bila kusema na chupa, huyo ndiye wa kupelekwa hospitali.”

Mwandishi anajaribu kucheka huku ameziba pua. Chumba kinanuka mayai yaliyooza, tena si yai moja. Mama Tope hana habari. Anavaa glavu na kuvuta kiti chake karibu na rafu ya kwanza.

Ndani ya chupa hizo kuna matope yaliyochotwa sakafuni mwa bahari, kwenye kina ambacho jua halijawahi kufika. Humo wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, wasiohitaji hewa, ambao kazi yao ni kutengeneza gesi ya methani, ile ile inayowaka kwenye majiko ya gesi ya samadi. Hewa kidogo ikiingia, wanakufa. Mama Tope, mhudumu wa maabara hii, ndiye anayewalinda. Anachoma kizibo kwa sindano nyembamba, anavuta gesi kiasi, anaipeleka kwenye mashine ya kupimia na kurudi kwa chupa inayofuata.

Chupa zenyewe hazifanani. Za rafu ya juu zimetiwa unga mwekundu wa kutu. Za katikati zina unga mweusi wa jiwe la chuma linalonaswa na sumaku, na za chini zina udongo wa mfinyanzi. Pembeni kuna matope matupu ya kulinganishia. Mtafiti mkuu, ambaye jengo zima linamwita Daktari, anataka kujua ni madini gani yanayoyachochea matope ya bahari kutoa gesi na yapi yanayoyazuia, kwa sababu gesi hiyo ikifika angani huongeza joto la dunia.

Mpaka sasa, anaeleza Mama Tope, wa kutu ni wachoyo. Kutu huwapa nguvu vijidudu wa aina nyingine, nao hukomba chakula chote kabla watengeneza gesi hawajafika mezani. Wa unga mweusi ndio wakarimu. Daktari anadhani ni kwa kuwa jiwe lile hupitisha umeme, hivyo kijidudu mmoja humpasia jirani yake nguvu kupitia chembe za jiwe, na kazi inakwenda.

“Nilipoelezwa hivyo,” anasema, “nikawaza, kumbe hata hawa wa gizani, wasiotaka hewa, wana majirani wa kupokezana. Mimi nikitoka hapa, naenda kufungua kufuli mwenyewe.”

Aliianza kazi hii mwaka mmoja baada ya kufiwa na mumewe. Kabla ya hapo alikuwa akifua mapazia na makoti ya jengo hili hili. Ana mtoto mmoja tu, binti aliyemsomesha kwa mshahara wa matope, ambaye sasa ameolewa mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi. Mshahara wenyewe si wa kujivunia. Ukishalipa kodi ya chumba, chakula na vocha ya simu, unakata roho kabla mwezi haujafika katikati.

Chumbani kwake kuna viti viwili, kimoja cha kukalia na kingine cha kubebea nguo. Kuna ndoo, malimau yaliyokatwa na sabuni za aina tatu. Sare ya kazi haijawahi kuvuka kizingiti. Inalala nje kwenye kamba. Jina la Mama Tope alipewa na watoto wa mtaani kwake, naye hakulikataa.

“Mimi dukani sipangi foleni,” anatania. “Foleni inanipisha.”

Utani huo huuanza yeye, ili wengine wasimtangulie. Ukweli ni kwamba pua yake iliacha kuisikia harufu hiyo miaka mingi iliyopita. Anajua ipo kwa sababu anaambiwa tu. Na mtu anayeishi peke yake hana wa kumwambia asubuhi kama leo yuko sawa au hayuko sawa. Anajisugua kwa limau, anavaa, anatoka, na kubahatisha.

Mchana simu inaita. Ni binti yake. Wiki tatu zilizopita alijifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa Mama Tope. Kitovu kimeanguka, anasimulia binti, na mtoto amelala vizuri, ila yeye mwenyewe amechoka hoi na mikono ya kumpokea mtoto hakuna. Anauliza mama anakuja lini. Mama Tope anajibu kwamba chupa ziko pabaya, hawezi kuziacha hata siku moja.

“Hawa wakishatulia tu, nakuja, mwanangu,” anasema.

Simu ikikatika, anaitazama picha ya mtoto kwenye kioo cha simu na kuikuza kwa vidole mpaka linabaki sikio peke yake.

Baadaye Daktari anashuka kusalimia. Ni kijana mchangamfu, na anamsifu mhudumu wake mpaka anaona haya. Katika mazungumzo anagusia kwamba vipimo vya leo ndivyo vya mwisho, na kwamba kuanzia kesho chupa zitaachwa zipumzike mwezi mzima.

“Nimemwambia, mama, nenda kamwone mjukuu,” anasema. “Chupa hazina miguu, utazikuta.” Anaaga na kupanda ngazi.

Mama Tope anachukua kitambaa na kufuta meza iliyokwisha kufutwa. Anafuta kwa muda mrefu.

“Basi umeshajua mimi ni mwongo,” anasema.

Miaka minne iliyopita, binti yake alipokuwa bado bibi harusi mpya, Mama Tope alialikwa kwao kwa chakula cha mchana. Alishona gauni na kuoga mara mbili. Walipokaa sebuleni, mama mkwe wa bintiye alisogeza kiti chake taratibu, akasogeza tena, mpaka akafika ukutani. Ndipo binti akamwita mama yake jikoni na kumnong’oneza: “Mama, siku nyingine ukija kwetu, usipitie kazini kwanza.”

“Sikuwa nimepitia kazini,” anasema Mama Tope. “Nilikuwa likizo wiki nzima. Nikashindwa kumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba hii sasa ndiyo mimi?”

Hamlaumu binti, ambaye huenda amekwisha kusahau. Yeye hajasahau, na inamuuma mpaka leo. Tangu siku hiyo hajakanyaga huko, na kila akialikwa, chupa ndizo zinazosingiziwa.

Anavua koti, anakunja mkono wa gauni na kumsogezea mwandishi bega.

“Wewe huna undugu na mimi, hutanihurumia. Niambie kweli, mwanangu. Nanuka?”

Mwandishi anainama na kuvuta pumzi. Hasikii kitu. Kisha anagundua kwamba hata chumba chenyewe, kilichomfanya azibe pua asubuhi, sasa hakinuki chochote. Inabidi akiri kwamba pua yake nayo imeshazoea.

Mama Tope anacheka hadi machozi yanamtoka, kisha anayafuta na hacheki tena.

Anasema atasafiri Jumamosi. Hatapiga simu kwanza, kwa sababu akipiga atatunga uongo mwingine. Gauni ni lile lile la mwaliko, na safari hii hatajisugua kwa limau, limemchubua ngozi bure.

“Wakubwa wasogeze viti vyao, siwakatazi,” anasema. “Lakini yule mtoto bado hajafundishwa kipi kinanuka na kipi kinanukia. Nikimbeba sasa, hii kwake itakuwa harufu ya bibi yake, basi. Nikingoja akue, watakuwa wameshamfundisha.”