Kamba Fupi Kwenye Mikoko

Siku niliyokwenda kumposa mama yako haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo umenirudisha siku hiyo ulipokuja kulalamika ati mkeo ameenda tena Webuye kwa mama yake. Keti kwanza. Chai ipo.

Tulitoka hapa Kitale watatu: mimi, marehemu babu yako, na shangazi yangu Nasimiyu, miguu imemvimba kwa safari. Kwao mama yako ni ndani ya mikoko, pale mto Tana unapoingia baharini, na barabara hakuna. Mjomba wake, Mzee Komora, alitupokea kwa boti ya injini ndogo. Aliuacha mkondo mpana akashika mwembamba, akasema ule mpana una fungu la mchanga chini. Njia nzima babu yako alikuwa na neno moja tu: "Binti akishaolewa, kwao ni Kitale. Mambo ya kurudi pwani kila saa, hapana." Komora akaendelea kuongoza boti.

Tulipofika, maji yalikuwa yamekupwa. Komora akatia nanga, akaiachia kamba ndefu, akatangulia kupiga hodi. Shangazi alikataa kukanyaga tope, akabaki botini na blanketi za wakwe. Basi babu yako akaitazama ile kamba ndefu, roho ikamuuma. Mfugaji mzaliwa wa Bungoma yule! Ng'ombe ukimwachia kamba ndefu atakula mahindi ya jirani, na kesi ni yako. Akaing'oa nanga, akaivuta boti, akaifunga kwenye mzizi wa mkoko, fupi kabisa, kwa fundo la ng'ombe. Nami nikaona sawa. Maji tuliyoyajua sisi ni ya mto Nzoia, yanateremka tu, hayapandi.

Maneno ya posa ni marefu. Kabla hayajaisha tukasikia shangazi akipiga kelele, "Uwi! Nakufa mimi!" Maji yalikuwa yamejaa, mzizi umezama, pua ya boti imevutwa chini na maji yanaingia. Fundo limelowa, halifunguki. Komora akajitosa na panga, akaikata kamba, na boti ikainuka, shangazi kazikumbatia blanketi, analia na kuomba. Komora akaifunga nanga kwa kamba nyingine, akaitupa upya, kamba ndefu kama mwanzo.

Nilijua posa imekwisha. Lakini Komora alitoka majini akamwambia babu yako polepole, "Mkwe, chombo usipokipa kamba ya kupanda na maji, unakizamisha kwa mkono wako. Na binti yetu nimekusikia unataka kumfunga vilevile."

Babu yako, mkali vile unavyosikia, akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Umenifunza, mkwe. Atakuja kwenu kila akitaka." Ndivyo nilivyopewa mama yako.

Kila Desemba huenda kwao, na kila Januari nimempokea stendi na nazi zake. Nawashukuru wote, Komora kwa kusema na babu yako kwa kusikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tulinusurika kuvunjika.

Kwa hiyo, mwanangu, usimpigie mkeo simu ya kumgombeza. Mpigie umuulize mama yake anaendeleaje. Nanga yako iwe heshima na ukweli, halafu kamba uiache ndefu. Mungu akuzeeshe naye, na kila atokaye mlangoni mwako arudi kwa hiari yake.