Bi Usifungue na Chumba cha Hamira

Maabara nzima walimwita Bi Usifungue, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kidirisha cha kioo kwenye mlango wa chumba cha joto alikiziba kwa karatasi aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: USIFUNGUE. HATA UKIITWA. Mpwa wangu huyu hana jambo la nusu. Ukaidi kautoa kwa baba yake. Akili, bila shaka, ni za kwetu.

Mle ndani alifuga hamira. Usicheke. Ni hamira ile ile inayoumua unga wa mkate, ila yake ilikaa kwenye chupa za maji matamu, juu ya mashine ya kutikisa iliyonguruma kama lori linalopanda mlima. Mashine ikisimama, hamira inakosa hewa, na kazi yote imeliwa na mchwa.

Kazi yenyewe alinieleza, nami nikaielewa kuliko alivyotarajia. Kila seli ina jeni za uokozi, ambazo siku za raha husomwa kidogo tu. Joto likizidi, protini za seli huanza kujikunja ovyo, kama shati lililopigwa pasi na mlevi. Hapo protini moja, tarishi wa seli, hubandikwa vialama vidogo vya fosfeti. Tarishi ni yule yule, ila akishabandikwa anapata sauti ya kuziamsha zile jeni, nazo zinaagiza protini za kuwanyoosha wenzao. Joto likipoa vialama hubanduliwa, na tarishi anatulia. Bi Usifungue alitaka kujua: je, joto lisipopoa? Vitabanduka, au tarishi atapiga kelele mpaka seli ife?

Mara mbili jaribio lilimharibikia. Daktari, mkuu wake, akamwambia bila kupepesa macho, "Likiharibika tena, mama, kazi nampa Mtanashati." Huyo Mtanashati ni kijana wa meza ya pili, anayechana nywele kabla ya kuchungulia darubini, kana kwamba vijidudu navyo vinamtazama.

Sasa, kitasa cha ndani cha chumba kile kilikuwa kimekufa siku nyingi. Wenzake walipoingia waliweka kabari ya mbao mlangoni. Yeye aliipiga teke. "Mnaniingizia baridi!" Akimaliza kazi hugonga, na yeyote aliyeko kwenye meza za nje humfungulia. Simu alizipiga marufuku mle, hata yake.

Asubuhi moja akaipiga teke kabari, mlango ukajifunga, akapima hamira yake kwa raha zake. Akagonga atoke. Akagonga tena. Ndipo akakumbuka kwamba leo ni Jumamosi.

Joto la mle lilikuwa la mgonjwa wa homa, na sasa lilikuwa lake. Gauni likamganda mgongoni. Alikaa sakafuni, sakafu nayo ya moto. Akasimama, kichwa kikazunguka. Alitazama karatasi yake, maandishi yakionekana kinyume kwa nuru ya nje, akatamani kuing'ata. Mashine ikanguruma. Angeizima angesikika, lakini baada ya hapo angemwambia nini Daktari? Akakunja mikono kwapani, mbali na swichi.

Kisha akasikia viatu. Akabandika sikio mlangoni na kugonga kwa ngumi mbili.

"Mbona kama mtu anagonga?" Ilikuwa sauti ya mama wa usafi.

"Ni mashine," mlinzi akajibu. "Ina kelele kama mwenyewe."

"Tufungue tuone."

"Thubutu! Hujasoma? Hata ukiitwa. Mimi bado naupenda mshahara wangu, dada."

Viatu vikaanza kuondoka. Bi Usifungue alizitazama chupa zake zikicheza, zimeshiba, hazina habari. Kisha akanyoosha mkono, akazima.

Kimya kilimtisha yeye mwenyewe. "Baba mlinzi! Nifungulie!"

Viatu vikarudi. "Nani huyo?"

"Mimi! Bi... mimi mwenye karatasi!"

"Mwenye karatasi kasema hata tukiitwa."

"Wee mzee, nilikwambia nini juu ya kile kikombe chako cha chai juu ya jokofu langu la sampuli?"

"Ni yeye," mlinzi akasema, na mlango ukafunguka.

Alianguka nje kama gunia. Mama wa usafi akampepea kwa ile karatasi. Alipopata pumzi alirudi kuiwasha mashine, huku mlinzi kashika mlango kwa mikono miwili, lakini hamira ilikuwa imekwishatuama chini ya chupa kama matope.

Jumatatu alimweleza Daktari yote bila kuficha. Daktari akampa pole ya dhati, na jaribio akampa Mtanashati. Bi Usifungue siku hizi ni msaidizi wake. Chumba ni kile kile, hari ni ile ile, fundi wa kitasa bado anatafutwa. Yeye ndiye anayeingia. Mtanashati hataki jasho liguse nywele.

Na kila mlinzi anapopita kwenye lindo, anausukuma mlango mpaka ukutani.

"Bi Usifungue! U hai?"

Baridi inaingia, chupa za watu zinapoa. Yeye anauma meno.

"Ni hai, baba. Funga huo mla... Ngoja! Usifunge!"